Meno ya Mama

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, nilipomsindikiza mama kwa chifu, huko Malava, akajiandikishe kupiga kura. Uhuru ulikuwa bado. Sheria ya Wazungu ilitaka mtu ajue kusoma, au awe ametimiza miaka arobaini.

"Mama, wewe unasomanga?" karani aliuliza.

"Hapana, bwana. Lakini arobaini nimepita."

"Fungua mdomo."

Akamkagua meno kama ng'ombe wa mnadani. "Yote yapo! Wewe msichana bado, rudi shambani."

Foleni nzima ikacheka. Kusema mbele za watu hunishinda, nikabaki kuitazama foleni. Hapo nikaona jambo: kila aliyedai kusoma alipewa kijitabu kilekile cha serikali, mistari mitatu ileile kuhusu kuchimba choo. Nikaishika yote kichwani.

Kesho yake alfajiri, mama akikamua ng'ombe, nilimkaririsha mistari ile ya choo mpaka ikamkaa, nikamwonyesha na kidole kianzie wapi ukurasani.

"Na akinikumbuka?"

"Atakukumbukaje, mama? Uso wako hakuutazama."

Nikamfunga kitambaa kingine kichwani, tukarudi kwenye foleni.