Gugu Nililoficha Kwenye Sweta

Enzi zetu pale Igogo, Mwanza, Jumamosi haikuwa siku ya kulala mpaka jua likuunguze. Magugu maji yalikuwa yameziba ziwa hadi mitumbwi haitoki, na sisi wa darasa la tano tulijitolea kuyang'oa kwa mikono. Hakuna glavu, hakuna fulana zenye maandishi. Tuliingia majini mpaka kiunoni, tukavuta, tukayatandaza juu ya mawe mizizi ikitazama juu ili yakauke yafe. Tukitoka hapo tunajikuna mapaja, halafu tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na mapanki ya kukaanga, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani, vidole bado vinanuka tope. Nani alilalamika? Wa leo ukimtuma kufagia uwanja anauliza bando litatoka wapi.

Bwana Samaki, ofisa wa uvuvi aliyetusimamia, alikuwa na sheria moja. Kabla hatujaondoka alipindua kila ndoo. "Hata jani moja lisipande kilimani," alisema. "Hili dude likipata maji kidogo tu, ukigeuka ni ukoo mzima."

Nilimsikia vizuri. Sitasingizia utoto.

Ila lile ua lake la zambarau lilikuwa zuri jamani, na bibi yangu kule kijijini hakuwahi kuliona. Likizo ilipofika nikaficha gugu moja ndani ya sweta. Ndoo yangu ikakaguliwa, ikapita. Njiani ua likanyauka. Nikaona aibu kumpelekea bibi kitu kilichokufa, nikalitupia kimyakimya kwenye lambo wanakonywea ng'ombe wa kijiji kizima, lifufuke kwanza ndipo nimwonyeshe. Likizo ikaisha, nikalisahau.

Nilivyorudi kijijini likizo iliyofuata, lambo lilikuwa kijani tupu. Ng'ombe wamesimama ukingoni wanalia. Na mkosaji alishapatikana: bata wa Mama Kabula, jirani wa bibi, kwa kuwa aliwanunua Mwanza, mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni. "Wamekuja na hiyo takataka miguuni," watu wakasema. Mama Kabula alibisha siku mbili, akachoka, akawachinja wote sita.

Mimi nikafanya nini? Nikavua viatu nikawafundisha kung'oa. Bibi naye majini, kanga imemnata, anajisifu kwa wenzake: "Mnamwona wa mjini? Huyu wa kwangu kasoma." Jioni tukala bata. Mama Kabula mwenyewe akanichagulia paja.

"Kula mwanangu, umetuokoa."

Nikala. Na mfupa nikalamba.

Wiki iliyopita nilikuwa ufukweni na binti yangu, vijana wamekuja kujitolea kung'oa magugu. Glavu mpya, picha mia, kazi dakika kumi. Msichana mmoja akatia gugu kwenye chupa ya maji, eti pambo la sebuleni. Nilimfokea mpaka watu wakageuka. Binti yangu akanivuta mkono: "Mama, si ua tu?"

Kweli, enzi zetu tulikaguliwa, na leo hakuna wa kupindua ndoo wala chupa. Natamani niishie hapo, niseme sisi tulilelewa. Lakini bibi amekufa ananisifu kwa watu. Mama Kabula yupo; nikienda namwamkia shikamoo, anaitikia kwa furaha, anamsimulia binti yangu jinsi nilivyookoa lambo. Mimi natazama chini. Bata hajafuga tena.