Mapafu ya Kwaresima

Jumapili ya Pasaka, nje ya kanisa kule Makomeno, mwanamume mmoja alikuwa akiwasimulia wenzake jinsi kuacha sigara kwa Kwaresima kulivyomfaa.

"Sikohole tena. Niko nalala muzuri. Hata bukari ku sahani imerudia kuwa na utamu."

Akajipiga kifua kuonyesha kilivyo imara, akatia mkono mfukoni, akatoa pakiti mpya na kuwasha moja.

Mke wake akamtazama. "Papa, si umesema uko muzima?"

"Njo maana. Kareme ya siku makumi ine ilisha, tushangilie."

Hakuna aliyeshangaa. Kujinyima kwa ajili ya roho tunakujua. Kwa ajili ya kifua tunaona ni kujitesa bure.

Mke akapunga moshi kwa kitambaa chake. "Yezu alifufuka leo," akasema taratibu. "Kesho njo zamu ya kikohozi."