Betri Niliyoipunguza Uzito

Watu husifu mikono ya fundi. Yangu, mwaka ule, ilistahili kufungwa kamba.

Nilikuwa fundi redio Likoni, katikati ya miaka ya tisini. Mtaa wa nyuma alikaa mwalimu mmoja, mjane, aliyewasomesha kina mama Kurani kila Alhamisi baada ya magharibi, katika nyumba isiyo na umeme. Taa yake ya mkononi ilikuwa na betri ya asidi, nzito kama jiwe la kusagia. Niliichaji kwangu kila wiki, na Alhamisi alasiri nikaibeba mwenyewe hadi barazani kwake.

Kwetu mwanamume habishi hodi kwa mjane bila haja. Betri ile ndiyo iliyokuwa haja yangu. Akiniuliza hali ya mama yangu, nilijibu polepole kadiri nilivyoweza. Nilimpenda, wala sikuwahi kumwambia.

Kisha betri ikachoka, taa ikawa inazimika kabla darsa halijaisha. Ndugu yangu baharia alikuwa ameniletea kamera ya video iliyokufa, lakini betri yake ya lithiamu ilikuwa nzima, na chaja yake ipo. Nikapima. Seli zake mbili zingeiwasha taa bila kuiunguza. Nikaitoa ile ya asidi, nikaitengenezea hii ndogo mahali pa kuichomeka. Iliingia hata mkobani. Angeweza kuichaji mjini, kwenye duka la vitambaa alikofanya kazi.

Nilimweleza hayo yote barazani, kifua mbele. Aliipima ile betri ndogo kiganjani.

"Basi sitakusumbua tena, fundi."

"Usumbufu umekwisha, mwalimu," nikajibu, mpumbavu mimi.

Alhamisi iliyofuata alasiri ilifika, sina pa kwenda. Zikapita Alhamisi nyingi. Nilingoja taa iharibike, lakini nilikuwa nimeitengeneza vizuri mno. Mwaka haukwisha, akaposwa, akaolewa Kisauni.

Miaka miwili baadaye tulikutana kivukoni, amekuja kuwatazama jamaa zake. Aliuliza hali ya mama. Nami nikauliza habari za taa, maana sikuwa na neno jingine la halali.

"Yawaka mpaka leo," akasema. Akaliweka buibui lake vizuri, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mimi nalidhani umechoka kunitukulia betri."