Koki Ilikuwa Imeshafungwa

Wenzake katika chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Bi Mvuke. Miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyewasha boila, akaijua kwa sauti kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, akasikia bomba lililo juu ya mashine za pasi likipiga mluzi. Hakungoja. Alifunga koki kuu, akawatoa nje wakunja shuka wote watano. Ndipo bomba likapasuka kwa mvuke uliokuwa umebaki ndani. Hakuna aliyeungua, ila mashine moja ya pasi iliharibika kabisa.

Ripoti ilitakiwa kwa Kiingereza, maana mkaguzi wa bima hakujua Kiswahili. Bi Mvuke alikuwa na Kiingereza cha kuombea maji. Akaandika: "When the pipe burst, I have closed the valve."

Siku ya tatu akaitwa na meneja.

"Umekiri mwenyewe," meneja alisema. "Bomba lilipasuka, ndipo ukafunga. Ulichelewa. Kaa nyumbani mpaka tukuite."

"Nilifunga mapema, bosi!"

"Sivyo ulivyoandika."

Siku mbili alikaa nyumbani. Jioni ya pili akaja wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa Kiingereza mwenye mdomo usio na breki. Akaisoma nakala ya ripoti, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Wifi, hukufunga koki tu. Umejifunga na wewe!"

"Nitanie kesho. Leo nisaidie."

"Haya. Nisimulie kwa Kiswahili. Bomba lilipopasuka, je?"

"Nilikuwa nimeshafunga koki."

"Mbona hapo hukukosea? Hiyo 'nilikuwa' ndiyo 'had', na hukuiandika. Wewe umeweka 'have', yaani 'nimefunga', kama mtu anayeongea sasa hivi. Msomaji haoni kipi kilitangulia, akajichagulia. Andika 'I had already closed the valve'."

Bi Mvuke alilirudia neno lile mpaka mumewe akaliimba akioga.

Asubuhi akaipeleka ripoti mpya mwenyewe. Mkaguzi alikuwepo. Meneja akaguna. "Leo umefundishwa cha kusema."

"Cha kusema ninacho tangu Jumatatu. Nimefundishwa namna ya kukisema." Hakuinamisha kichwa. "Boila ina karatasi inayochorwa presha kila dakika. Mmeitazama?"

Hawakuwa wameitazama. Mkaguzi alipoisoma ripoti mpya na kutafsiriwa swali hilo, naye akaliuliza, karatasi ikaletwa. Ilionyesha koki ilifungwa saa nne na dakika kumi na moja. Alama ya king'ora cha bomba kupasuka ilikuwa dakika tatu baadaye. Mkaguzi akaweka kidole hapo, akampa mkono mama wa watu.

"Nakuomba radhi," meneja alisema polepole. "Urudi kazini leo hii."

Akaketi kwenye kiti bila kukaribishwa, akapumua kama aliyetua gunia la mawe. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga, akacheka mwenyewe.

Kisha akainuka. "Narudi, bosi, ila siwashi moto mpaka mabomba yote ya zamani yabadilishwe."

Mafundi waliletwa mchana uleule. Bi Mvuke alisimama chini ya ngazi yao, mikono kiunoni, akiwaonyesha pa kuanzia.