Somo Aliyetufundisha Wanaume

Mke wangu aliipokea simu akiwa jikoni, nami nikiwa pale ninapopatikana siku zote, yaani kwenye kochi. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini polepole, kisha akasoma innalillahi. Akaja mlangoni akaniambia kuwa somo yake amefariki alfajiri na maziko ni alasiri hiyo hiyo. Wasomaji wangu wa siku nyingi mwajua kwamba kunitoa mimi nyumbani ni kazi ya watu wawili na ahadi ya chakula. Siku ile nilivaa kanzu bila kuambiwa. Makaburini, alipokuwa akiteremshwa, tuliitwa wanne tushike shuka juu ya kaburi, kama afanyiwavyo mwanamke asionekane na wasio maharimu wake. Nilishika pembe yangu, mikono ikauma kwa kuwa haijazoea kazi, nikawa naangalia nyuzi za shuka ile na kuwaza kwamba hivi hasa ndivyo nilivyomjua mwanamke huyu: kitambaa kati yetu, yeye upande wake, mimi upande wangu. Sikuwahi kuuona uso wake hata siku moja. Wala hakuna mwalimu au daktari aliyenifundisha zaidi yake kuhusu mwili wangu mwenyewe.

Kwa wasiotoka kwetu niseme kidogo. Somo ni mwanamke mtu mzima anayekabidhiwa mwari kabla ya harusi ili amfundishe mambo ya unyumba, na kazi yake haiishi harusi ikiisha. Ndoa ikipata ufa, yeye ndiye anayeitwa kuutazama. Marehemu alikuwa na jambo la ziada. Kabla ya kuwa somo alifanya kazi miaka mingi ya kupiga deki katika wodi ya wazazi, na alikuwa mtu wa kudadisi. Wakunga walipokuwa wakiwafundisha wanafunzi wao, yeye deki yake ilikuwa hapo hapo, na ilikwenda polepole kuliko kawaida. Uzeeni akafanya jambo lililowashangaza watu wa Mji wa Kale: alisema atawafundisha na waume. Kumfundisha bibi harusi peke yake, alisema, ni sawa na kumwonyesha mtu mmoja namna ya kubeba meza ya watu wawili. Basi Jumapili asubuhi, katika ukumbi wa nyumba ya mwanawe, kwenye uchochoro unaotokea Ndia Kuu, likatundikwa pazia zito la kijani. Wapo waliosema ni utovu wa haya. Yeye alijibu kwamba haya anayo, ndiyo maana katundika pazia.

Mimi nilifika pale kwa kuburutwa. Tulikuwa mwaka wa sita wa ndoa na hatukuwa na mtoto. Katika miaka ile mke wangu alipimwa damu, akapimwa mkojo, akapigwa picha ya tumbo, akapulizwa dawa kwenye mirija ya uzazi akarudi nyumbani amejikunja. Alikandwa na wakandaji wawili waliokuwa hawaelewani. Alikunywa mizizi ya kila rangi aliyoletewa na mama yangu, chungu mpaka harufu yake ikashika mapazia. Na mimi? Mimi nilikuwa nikimkumbusha saa ya kunywa. Mama yangu, ambaye nampenda na ambaye husoma safu hii akiwa ametafuta miwani nyumba nzima, alikuja siku moja akakaa mkabala nami. Mke wangu alikuwa jikoni, na jikoni kwetu hakuna mlango.

"Sikiza, mwanangu. Nimengoja vya kutosha. Nangoja mpaka Idi, kisha napeleka posa kwengine."

"Sawa, mama."

"Sawa nini? Wasikia ninalosema?"

"Nasikia."

"Yule msichana wa Kibokoni, watu wake ni watu. Na mamake kazaa tisa."

Hapo ndipo mwanamume anapotakiwa kusema neno. Mimi nilichukua hamri jingine sahanini. Kule jikoni maji ya bomba yalifunguliwa, yakaachwa yakimwagika muda mrefu bila chombo kuoshwa. Nilijua sababu yake, na bado nilimaliza hamri langu. Siandiki haya kwa kujisifu.

Siku mbili baadaye mke wangu akaniambia, bila kunitazama, "Somo yangu akuita Jumapili."

"Kuna nini?"

"Waitwa. Wataka kujua kuna nini, nenda."

"Mgongo waniuma."

"Mgongo usiofanya kazi hauna haki ya kuuma."

Niliogopa kwenda peke yangu, nikamwomba jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Ganjoni anisindikize. Ni karani wa bandarini, mtu wa bara, Mkristo, mwenye mabinti watatu na kicheko cha kuamsha jengo zima. Nilidhani atakataa. Akasema mambo kama hayo kwao hakuna, na hangeyakosa kwa lolote.

Tulikuta wanaume saba wameketi juu ya mkeka, kila mmoja akijifanya amekuja kwa ajili ya mwenzake. Mkono wenye hina iliyofifia ulipenya chini ya pazia ukasukuma sinia ya visheti na vikombe vya kahawa, ukarudi. Kisha sauti, kavu na ya taratibu: "Nani atanambia, yai la mwanamke likishatoka laishi muda gani?"

Tukatazamana. Mmoja akasema wiki. Mwingine, mwenye ndevu za heshima, akasema, "Mwezi, bibi. Si ndiyo maana mambo yao ni ya kila mwezi?"

"Siku moja," sauti ikasema. "Na huenda isitimie. Mbegu ya mwanamume ndiyo yenye subira, yaweza kungoja humo siku tatu, hata tano. Basi nyinyi mnaokwenda siku mnayojisikia nyinyi, kisha mwalaumu, mwaenda sokoni soko limefungwa."

Jirani yangu akainua mkono, kama kwamba anaonekana. "Mama, samahani, niulize. Mtoto kuwa msichana au kijana, hiyo inatoka kwa nani? Mimi niko na wasichana watatu, na nyumbani wanasema ni mama yao."

"Nyumbani kwenu wana maneno. Yai la mke halichagui. Mbegu yako wewe ndiyo ijayo na kike au na kiume. Wale mabinti umewaleta mwenyewe, na ushukuru."

"Hii naandika," akasema, akatoa kalamu mfukoni. Aliiandika kweli, mgongoni mwa karatasi ya bandarini, na nasikia ameipeleka bara ikasomwa mbele ya shangazi zake.

Kisha sauti ikauliza kwa nini nyanya zetu waliuweka mtungi wa maji dirishani penye upepo. Hilo tulilijua, tukajibu kwa pamoja kama watoto wa chuoni: maji yapoe. "Vyema. Na Mola kwa nini kawawekea korodani nje, asiziweke ndani pamoja na figo na ini? Alikosa nafasi?" Mtu mmoja akapaliwa na kisheti. "Mbegu haifanyiki vizuri kwenye joto la tumbo. Yataka ubaridi kidogo, ndiyo maana zikawekwa penye upepo. Wazee wenu walivaa vikoi. Nyinyi mwajibana na suruali, mwaketi kutwa, na kompyuta ya moto mwaipakata mapajani kama mtoto." Nililichunguza pazia lile kutafuta tundu, maana safu hii, msomaji, wakati ule ilikuwa ikiandikwa hivyo hivyo.

Watu walipoanza kuinuka, sauti ikasema, "Wewe wa Ganjoni, baki." Jirani yangu naye akabaki, kwa kuwa Ganjoni anakaa pia, na kwa kuwa hangeondoka hata angefukuzwa.

"Mkeo kapimwa mara ngapi?"

"Mara nne, bibi."

"Na wewe?"

"Mimi mzima."

"Nani kakwambia?"

"Najisikia mzima."

"Ah. Wajisikia." Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. "Nimefanya kazi wodini miaka yangu yote, sijamwona mtu aliyejisikia mbegu. Tumbo likiharibika hupiga kelele. Jino hupiga kelele. Lakini ziko sehemu za mwili huharibika zikanyamaza, na mwenyewe akenda akiringa. Uwezo wa kitandani ni jambo moja, mbegu ni jambo jingine. Mficha uchi hazai, babangu. Nenda ukapimwe kabla ya Idi. Na kama hutokwenda, basi jioni hii kamwambie mamako kwamba wamwacha mwari wangu anyweshwe sumu kwa kuwa wewe waogopa kikopo cha kipimo."

Alisema mwari wangu, si mkeo. Ndivyo masomo walivyo, mwari wao ni wao mpaka kaburini.

Nilitembea kurudi nyumbani, jambo ambalo lilimtia jirani yangu wasiwasi zaidi ya yote tuliyoyasikia. Njiani niliwaza jinsi tulivyolelewa. Mimi nina elimu ya sekondari, na cheti ninacho, japo nakionyesha mara chache. Najua moyo una vyumba vinne kwa kuwa ulitoka kwenye mtihani. Naweza kukueleza hata leo namna chavua ya muhindi inavyoshuka mpaka kwenye nywele za gunzi. Lakini tulipofika sura ya uzazi wa binadamu, mwalimu wetu alifunga kitabu akasema tukasome nyumbani, na nyumbani hakuna aliyekifungua. Tukakua wanaume hodari wa kufungua injini ya tuktuk na kuifunga gizani, tunaojua goti la kila mchezaji wa timu za Ulaya, ila mwili wetu tunaujua kwa kujisikia. Wasichana angalau huwekwa ndani na somo wiki nzima. Sisi tulifundishwa na wavulana wenzetu waliokuwa wajinga kwa kiasi kile kile, ila kwa sauti kubwa zaidi. Kisha mimba isipoingia, tunauliza mwanamke ana nini.

Nilipimwa Jumatano. Ya kikopo sitayasimulia, maana gazeti hili huingia majumbani. Majibu yalikuja: mbegu ni chache, na nyingi ya hizo chache hazisogei. Nilimpa mke wangu karatasi aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaketi, akalia kidogo, machozi ya mtu aliyetua mzigo ambao haukuwa wake. Kisha akafuta uso na kusema, "Hazisogei. Zimemfuata baba yao." Tukacheka mpaka jirani wa chini akagonga bomba.

Lakini kumwambia mke hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa Mji wa Kale. Nilimkuta mama akichambua mchele wa biriani, nikamwambia kwa maneno matatu: ni mimi, mama. Aliendelea kuchambua, punje moja moja, hata pasipokuwa na kijiwe.

"Daktari kakosea."

"Nimerudia kipimo. Ni mimi."

"Basi nyamaza nalo. Watu hawana haja ya kujua."

"Watu ulishawaambia kuwa ni yeye, mama. Kibokoni wanajua, kina shangazi wanajua. Nami nilikuwepo, nikila."

Alinigeuzia mgongo na mchele wake. Niliondoka nikidhani nimeharibu kila kitu. Ijumaa, baada ya Swala, tuktuk ilisimama chini ya jengo letu, na mama akapanda ngazi za ghorofa tatu kwa magoti yake yale. Hakuniangalia hata kidogo. Alimwendea mke wangu jikoni, akasema, "Mwanangu, nimekukosea. Niwie radhi." Kisha akaichukua ile chupa ya mizizi juu ya kabati, akainusa, akakunja uso na kuimimina kwenye beseni la kuoshea vyombo. "Ndiyo hii nikikunywesha?" aliuliza. Mke wangu alimshika mkono. Mimi sikuthubutu kuingia. Posa ya Kibokoni haikupelekwa, na msichana yule ameolewa na mtu aliye bora kuliko mimi, jambo ambalo halikuwa gumu kupatikana.

Wasomaji mtauliza, je, mtoto? Bado. Daktari aligundua mishipa ya damu iliyovimba upande wa kushoto, ikipasha joto mahali pasipotakiwa joto, akaifunga kwa upasuaji mdogo. Alinieleza kwamba mwili wa mwanamume huanza kazi ya mbegu upya kila siku, na kila mbegu huchukua miezi miwili na nusu hivi kukamilika, kwa hiyo nisikimbilie kupima. Nimeliwaza sana jambo hilo. Mwili huu niliouweka kochini, nikaudharau na kuuogopa, haukuacha kazi hata siku moja, ulikuwa ukianza tena na tena hata kwenye joto. Kipimo cha baada ya upasuaji kimekuja na idadi iliyopanda. Si mlima, ila imepanda. Nilikuwa nimepanga kumpelekea somo habari hizo Jumapili, kifo kikanitangulia. Baada ya maziko mke wangu aliniambia kwamba marehemu alikuwa ameshazijua, kwani alimpigia simu siku ile ile ya majibu, naye somo akasema tu, "Alhamdulillahi. Sasa mwambie aketi mbali na ile kompyuta."

Najua kuna anayesoma hapa ambaye mkewe yuko jikoni sasa hivi akipima kijiko cha dawa ya tano, na ambaye hajawahi kupimwa yeye. Simlaumu, maana nilikaa kwenye kochi hilo hilo. Namwambia tu kwamba kipimo ni cha dakika chache, na aibu yake huisha kabla ya kufika nyumbani. Yule aliye jikoni ameibeba yake miaka. Mwondolee kijiko mkononi, vaa viatu, uende kesho asubuhi.