Kitambaa cha Kiti cha Mama

Kule mjini kuna jumba la mawe ambalo Mzungu fulani alijijengea zamani kama ngome, lenye minara na matundu ya bunduki. Sijui alikuwa anamwogopa nani. Siku hizi ni makumbusho ya mitaa yetu ya Eastlands, na mwezi uliopita nilitoka mtaa wa Tena ninakoishi kwenda kukitazama kitambaa cha mama yangu.

Mama aliuza nguo katika soko la Gikomba. Akirudi nyumbani Shauri Moyo alikalia kiti kimoja tu, akaegemeza kichwa kwenye kitambaa alichokifuma mwenyewe. Vitambaa vingine alivifua kila Jumamosi kwa ajili ya wageni wa baada ya kanisa. Hicho chake hakukigusa, na mafuta ya nywele yakakitia doa la mviringo. Alipofariki nilikichukua, nikawa nakinusa.

Kisha watu wa makumbusho wakaomba vitu vya nyumbani. Mtu aliyelelewa na mama yangu apeleke kitu kichafu mbele za watu? Thubutu! Nikakiloweka siku mbili, nikakisugua, nikakitia bluu na wanga, nikakipiga pasi. Yale maji nikayamwaga mtaroni. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, ila wahenga hawakunionya kwamba hata ya kufulia yamo.

Sasa kilikuwa pale nyuma ya kamba, juu ya kiti cha watu wengine, cheupe pe. Hamu ya mama ilinishika kuliko hata siku tuliyomzika.

Binti anayelinda chumba akanisogelea. "Mathe, ni wewe ulileta hii? Iko safi, aki. Ni kama haijawahi tumika."

Alikuwa ananisifu, maskini. Nikamshukuru, nikavua kilemba, nikavuka kamba, nikakaa na kuegemeza kichwa. Asubuhi ile nilikuwa nimejipaka mafuta yale yale ya mama, mengi.

"Mathe! Hapo watu hawakai! Na hiyo kitambaa itashika mafuta!"

"Acha ishike," nikamwambia.

Sijui aliona nini usoni mwangu. Akageuka, akasimama mlangoni kama anayetazama wageni.

Nilipoinuka palikuwa na doa dogo. Nikainama nikalinusa. Mafuta yalikuwa yale yale, lakini harufu ilikuwa yangu.