Neno Ambalo Mwalimu wa Fizikia Hakulisema

Mwalimu wa fizikia aliyewafundisha watoto wetu katika mji wetu wa Baraka amefariki huko Kilembwe, baada ya kuugua muda mfupi. Habari niliipata sokoni kwa mama muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikasikitika kama wengine, kana kwamba sihusiki. Wasomaji wangu mmezoea kunisikia katika safu hii nikiwasema wakubwa. Leo zamu ni yangu, na naona haya.

Siku moja wazazi tulialikwa shuleni, naye akawasha mbabula, jiko letu la makaa, katikati ya uwanja. "Nani anaweza bakia hapa karibu siku muzima?" aliuliza, na watoto wakarudi nyuma wakicheka. Akawapeleka mpaka ukutani. "Na huku, munasikia moto? Dunia ingekuwa huku, ziwa yetu yote ingekuwa barafu. Ingekuwa pale karibu, ingekauka." Kisha akasimama mahali pa kadiri, akaeleza kwamba tunaishi kwa sababu jua liko umbali unaofaa na limewaka kwa utulivu miaka isiyohesabika. Hapo angenyamaza, pengine angezeeka hapa hapa. Lakini aliendelea: "Damu yenu iko na chuma. Ile chuma ilipikwa mu nyota zenye zilikufaka mbele ya jua yetu kuzaliwa. Wa hapa, wa kule juu ku milima, wakimbizi wa kambi ya Lusenda, chuma ni moja."

Wazazi wakaguna. Katika eneo letu la Fizi, ambako mtu huulizwa asili yake kabla ya jina lake, maneno hayo yaliwauma. Ila nani angeandika kwenye ripoti kwamba kosa la mwalimu ni kutufanya ndugu wa watu wa milimani, tunaogombana nao miaka yote? Kamati ya wazazi ikakaa, nami nilikuwa katibu. Tukaandika kwamba anafundisha watoto kuwa Mungu hayuko. Nilisahihisha hata koma.

Aliitwa, akaisoma ripoti polepole, akaniangalia. "Katibu, mi nilisema vile?"

"Muzee, ni vile bazazi balisikia," nikajibu. Siku ile ya mbabula nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na nilisikia kila neno. Mtu huyu alikuwa akifungua kila somo kwa sala. Tukaituma ripoti kwa wakubwa wa shule. Akapelekwa Kilembwe, mbali ndani, kama adhabu.

Juzi kwenye kilio cha msiba mjane wake alinishika mkono. "Katibu, marehemu alisemaka we unaandikaka muzuri. Utuandikie historia yake, tuisome ku maziko." Nikaandika. Nilipofika kwenye kuondoka kwake Baraka niliweka neno moja, "alihamishwa", na ilipokwisha kusomwa mjane akanishukuru mbele ya watu. Sijawahi kushukuriwa nikaona aibu kubwa namna ile.

Basi someni hapa lile nililomficha mama yule: mume wake hakumkana Mungu. Uongo ule niliuandika mimi, na saini ni yangu. Zamani nilidhani mtu mwema huangamizwa na watu wenye chuki. Mimi sikumchukia hata kidogo. Niliwaogopa majirani tu, na nilikuwa na mwandiko mzuri.